Nikatie za siku tano

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nikatie za siku tano."

Binti wa duka la dawa hakuuliza za nini. Mteja huyu anamjua. Alivuta droo, akatoa stripi ya vidonge kumi vya amlodipini, akashika mkasi na kuupitisha katikati. Vitano akavitia kwenye kibahasha, vitano vikarudi drooni. Babu alihesabu sarafu zake mara mbili, akapokea, akashika njia.

Dakika mbili hazikufika.

Ule mkasi unanikereketa wiki ya sita sasa. Tarehe ya mwisho ya kutumia dawa hupigwa ukingoni mwa stripi pamoja na namba ya toleo, mara nyingi upande mmoja tu. Upande huo ndio uliorudi drooni. Babu kaondoka na vidonge vitano visivyo na umri wala kwao.

## Hesabu ya mkasi

Mtu wa haraka atasema dawa ni ghali. Amlodipini si ghali. Katika dawa za presha ni ya bei ya chini, viwanda chungu nzima vinaitengeneza, na hata mwenye kipato kidogo anakimudu kidonge kimoja. Kinachomshinda ni kununua thelathini kwa mpigo. Anayepata hela kwa siku hununua chumvi ya siku, mafuta ya siku na dawa ya siku. Maduka yameshazoea kumhudumia hivyo, ndiyo maana mkasi unakaa juu ya kaunta, si kabatini.

Ubaya wa kununua vipandevipande ni siku zinazopotea kati ya kipande na kipande. Siku ya sita hela haipo, au ipo lakini mtaani kuna msiba. Amlodipini yenyewe ni mvumilivu: inakaa mwilini muda mrefu, ukiruka siku moja presha haipandi papo hapo. Hapo ndipo mzee anapodanganyika. Anaruka siku mbili, hasikii kitu, anajiambia kumbe hata bila dawa mambo yanakwenda. Dawa nyingine za presha, kama atenololi na propranololi, hazina uvumilivu huo. Zikikatishwa ghafla moyo unaweza kwenda mbio, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo maumivu ya kifua yakazuka.

Hata anayechukua dawa ya mwezi mzima ana mianya yake. Stripi tatu za vidonge kumi ni siku 30. Stripi mbili za vidonge kumi na vinne ni siku 28. Kliniki ikimwambia arudi tarehe ileile ya mwezi ujao, mwenye stripi za kumi anakosa dawa siku 5 kwa mwaka, na mwenye za kumi na nne anakosa siku 29.

Karibu mwezi mzima.

Na hakuna aliyekosea. Daktari kaandika 1/12, yaani dawa za mwezi mmoja. Mtoa dawa katoa kwa paketi alizonazo. Mzee kameza kila asubuhi. Tiba ya mwanya huu ni kumtajia mtoa dawa tarehe ya kliniki ijayo kabla hajaanza kuhesabu vidonge, azihesabu siku badala ya stripi. Ni maneno machache na hayana bei.

## Herufi mbili

Babu alipokuwa akitafuta sarafu alikikunjua cheti chake juu ya kaunta. Mistari minne: amlodipini na haidroklorothiazidi za presha, metformini ya sukari, atovastatini ya lehemu. Pembeni ya mistari miwili, kwa kalamu nyekundu: O/S.

Aliyewahi kusimama dirisha la dawa anazijua herufi hizo. Stoo hamna, katafute nje.

Wakati huohuo babu ana haki ya kutolipa. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtambua kuanzia miaka 60, Sera ya Afya ya 2007 ikasisitiza kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na dirisha la wazee limewekwa katika hospitali nyingi pamoja na bango la kuwataka watu wampishe mzee. Basi kapishwa. Kafika mbele kabla ya vijana, na herufi mbili kazipata mapema kuliko wao.

Msamaha unafuta bei ya kilichopo. Kisichokuwepo haukigusi.

Kwa muda mrefu nililichukulia hili kama uzembe wa watu fulani stoo. Sina hakika tena. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu uanze mwaka 1993, kituo cha afya kinaishi kwa mifuko kadhaa: mgao wa serikali, fedha za wafadhili, na makusanyo yake chenyewe. Mgonjwa wa fedha taslimu akipewa dawa, hela inaingia. Mgonjwa wa bima akipewa, kituo kinaandika madai. Mzee wa msamaha akipewa, kopo linapungua na hakuna pa kudai. Kwa hiyo kituo chenye wazee wengi waaminifu wa kliniki kinaweza kuishiwa mapema kuliko jirani yake mwenye wateja wa bima, kwa sababu tu kimetekeleza sera.

Kuna na mtego wa pili, na huu ndio ulioninyima usingizi. Kituo kinaagiza dawa Bohari ya Dawa kwa kuangalia kilivyotumia kipindi kilichopita. Tuseme robo mwaka ina wiki 13, na kopo la vidonge 300 limekwisha wiki ya tatu. Wiki kumi zilizobaki matumizi ni sifuri. Anayejaza fomu akigawa 300 kwa 13 anapata vidonge 23 kwa wiki, wakati mahitaji halisi ni 100. Mwongozo unamtaka aondoe siku ambazo dawa haikuwepo ndipo agawe. Akisahau, oda inayofuata inakuwa ndogo kuliko ile iliyoshindwa kufika mwisho.

Dawa iliyokosekana inasomeka kwenye fomu kama dawa isiyotakiwa.

## Fikra ya kwanza: tuma hela

Ndiyo fikra ya kila mwenye mzazi kijijini. Mwisho wa mwezi unatuma, unaandika "ya dawa, mama", unalala. Serikali nazo zimefikiri hivyohivyo kwa njia zao. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za huko kwa mwezi kwa wenye miaka hiyohiyo. Hela ina heshima yake: haimwombi mzee barua ya mtendaji.

Lakini hela ikifika kwa mzee inaingia chungu kimoja na daftari la mjukuu, mbegu za mahindi na rambirambi. Mama hawezi kumeza kidonge huku mjukuu karudishwa shule kwa kukosa sare. Kumlaumu kwa hilo ni kutomjua.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni kulilipa duka. Kwanza pata picha ya cheti, isomeke. Piga simu maduka matatu, utaje jina la asili la dawa na nguvu yake: "amlodipini miligramu tano", si jina la kwenye boksi. Uliza bei ya stripi nzima, na bei ya boksi zima. Usishangae ukikuta tofauti kubwa kati ya duka na duka kwa kidonge kilekile. Lipa kwa namba ya duka, mzee akachukue stripi zisizokatwa, na risiti iandikwe majina ya dawa. Ukiweza lipia miezi miwili, mzee anapunguza na nauli. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi inaweza kuizidi bei ya dawa aliyoifuata. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hali zao zikiwa nzuri, wamekuwa wakipewa za miezi hadi sita kwa mkupuo. Mzee wa presha iliyotulia bado anapanda bodaboda kila mwezi.

Majina ya boksi ndiyo yanayokula hela. Norvasc ni amlodipini. Glucophage ni metformini. Lasix ni furosemidi. Cheti kikija na jina la biashara, swali la kuuliza dirishani ni moja: "Ya jina la asili mnayo, iliyosajiliwa?" Usajili ni wa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na boksi lisilo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe halifai kununuliwa hata kama ni nusu bei. Jambo jingine: duka la dawa muhimu, lile lililoanzia Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya duka la dawa baridi, lina orodha yake. Si kila kilichoandikwa kwenye cheti kinaruhusiwa kuuzwa pale. Bora kulijua hilo kwa simu kuliko kumtuma mzee akarudi mikono mitupu.

Hapa nilidhani nimemaliza, na makala ingeishia hapa.

Kisha nikaanza kujiuliza kama dawa zote nne zilistahili kuwa kwenye kile cheti.

## Dawa inayozaa dawa

Kabla ya kutafuta hela, weka dawa zote za mzee juu ya mkeka. Zote: za kliniki, za duka, alizopewa na jirani, za mizizi, na zile za maumivu zilizo chini ya mto. Hizo za chini ya mto usizisahau, ndizo zenye habari.

Bibi ana magoti. Ananunua diklofenaki dukani, haihesabu kuwa dawa, ni "ya maungio" tu. Diklofenaki na ndugu zake zinabana maji na chumvi mwilini, zinapandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa za presha. Kliniki wanaona 170 kwa 100. Wanaongeza dawa ya pili. Sasa ananunua tatu, na figo zinabeba mzigo, hasa kama dawa ya pili ni enalaprili au losatani na ya tatu ni ya kukojoza. Mchanganyiko huo wa watatu madaktari wanauogopa. Diklofenaki ikiondolewa, magoti yakapewa parasetamoli kwa kipimo, au dawa ya kuchua na kitambaa cha moto, huenda ile ya pili isihitajike tena.

Babu anatumia amlodipini ya miligramu kumi. Miguu inavimba jioni. Anaandikiwa furosemidi apunguze maji. Uvimbe ule hautokani na maji kuzidi mwilini. Mishipa midogo imelegea na maji yanachuruzika kwenye nyama, kwa hiyo dawa ya kukojoza haiusaidii sana. Inachofanya kwa uhakika ni kumwamsha babu usiku mara tatu kwenda chooni gizani. Akianguka akavunja nyonga, hesabu ya vidonge inakuwa mchezo wa watoto. Kushusha amlodipini hadi tano au kubadili dawa mara nyingi ni nafuu kuliko kuongeza. Uvimbe wa miguu una sababu nyingine pia, moyo na figo zikiwemo, kwa hiyo swali hili ni la daktari. Lakini kama hakuna anayeliuliza, halijiulizi.

Wa tatu anakohoa kikohozi kikavu miezi mitatu. Kanunua dawa ya maji ya kifua, chupa mbili. Kanunua amoksilini. Kapimwa TB, hana. Tangu lini? Tangu alipoanzishiwa enalaprili. Dawa za kundi hilo, kaptoprili ikiwemo, huleta kikohozi kwa watumiaji wengi kiasi, pengine mmoja kati ya kumi, na kikohozi huondoka wiki chache baada ya kubadilishiwa. Losatani haina tabia hiyo.

Halafu wapo mapacha. Mzee ana amlodipini ya kliniki kwenye bahasha ya karatasi, na ana boksi lenye jina la biashara aliloletewa na mwanawe kutoka mjini. Kwake ni dawa mbili, rangi mbili, umbo mbili. Kwa mwili ni dawa moja mara mbili. Nifedipini na amlodipini nazo ni ndugu wa tumbo moja na mara chache huwa na sababu ya kukaa pamoja.

Na glibenklamidi. Hii inanitia hofu kuliko zote. Ni ya bei ndogo, inashusha sukari kwelikweli, na haijali kama mzee kala au hakula. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi haifai kwa waliozidi miaka 60. Gliklazidi ndiyo inayopendekezwa. Mzee maskini ndiye hasa anayeruka mlo. Kameza saa moja asubuhi akitegemea uji, uji haukupikwa, saa nne yuko sakafuni anatoka jasho, na nyumbani wanasema kapandwa na presha. Sukari ya kijiko kinywani, kama bado anameza, ndiyo ya kwanza. Baadaye aulizwe daktari kama inabadilishika.

Usiondoe dawa mwenyewe. Chukua daftari la kliniki na mfuko wa dawa zote, nenda siku ya kliniki, mwulize daktari mstari kwa mstari: hii ya nini, ilianza lini, na kama ni lazima nipunguze moja kwa sababu ya hela, ipi isiguswe kamwe? Swali hili la mwisho linaonekana la aibu. Daktari mzuri hulipokea kwa furaha, kwa sababu mzee tayari analijibu mwenyewe kimyakimya kila wiki, na anachagua vibaya. Anaacha ya presha, ambayo haiumi, anabaki na ya magoti.

## Kidonge kipi kinakatika

Kuna ujanja wa halali. Kidonge cha miligramu kumi mara nyingi hakiuzwi mara mbili ya bei ya cha tano. Kikiwa na mstari katikati, na mfamasia akikubali, nunua cha kumi ukigawe. Tuseme cha tano ni shilingi 100 na cha kumi ni 130: vidonge 30 vya tano ni shilingi 3,000, vidonge 15 vya kumi ni 1,950. Kata kimoja leo, kula nusu leo na nusu kesho. Usikate vyote kwa pamoja, vikapata unyevu na kusagika kwenye kibahasha. Na anayekata awe na macho. Mzee mwenye mtoto wa jicho hukata robo tatu na robo.

Ila si kila kidonge. Kilichoandikwa SR, XR au retadi kimetengenezwa kitoe dawa kidogokidogo kwa saa nyingi. Ukikivunja, nifedipini ya siku nzima inaingia kwa mkupuo, presha inaporomoka, mzee anaanguka. Metformini ya aina hiyo nayo imezwe nzima. Vidonge vilivyopakwa ganda la kulinda tumbo, vivyo hivyo. Kapsuli haigawanyiki.

Na maandishi ya bahasha yasomwe kwa sauti. 1x2 ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku. 2x1 ni viwili mara moja. Nimeona nyumba moja yenye wasomi watatu wakibishana.

## Kichupa na mtungi

Wa insulini wana hesabu yao. Kichupa cha mililita 10 chenye yuniti 100 kwa mililita kina yuniti 1,000. Mzee anayechoma 20 asubuhi na 10 jioni anatumia 840 kwa siku 28, na kichupa kikishafunguliwa wiki nne ndiyo kipimo cha kawaida cha kukitumia nje ya friji. Kwa hiyo kichupa kimoja ni wiki nne, na zile 160 zinazobaki zinamwagwa. Wengi hawazimwagi. Wanaendelea mpaka tone la mwisho, sukari inapanda, wanaongezewa dozi ya insulini iliyochoka. Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo kwa peni, siku hiyohiyo.

Friji hakuna? Mtungi unatosha kwa kichupa kinachotumika. Kitie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, kopo likae ndani ya mtungi mdogo, mtungi uwekwe kwenye beseni la mchanga uliolowa, kivulini panapopita upepo. Mchanga uloweshwe asubuhi na jioni. Mwenye friji ya jirani asiweke karibu na barafu: insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri.

Bomba la sindano liwe la insulini ya yuniti 100 kwa mililita, lioane na kichupa. Na usisahau bei ya vipande vya kupimia sukari. Hapo ndipo hela nyingi huishia, na kumpa mzee mashine bila vipande ni kumpa saa ya ukutani.

## Karatasi

Nitapita haraka, maana kila halmashauri ina mikogo yake. Anza na umri: kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura. Asiye navyo, baraza la wazee na mwenyekiti wa mtaa au kijiji wamshuhudie. Kisha barua ya mtendaji. Kisha ofisi ya ustawi wa jamii, na picha za pasipoti. Peleka mbili hata wakitaka moja. Kinachoharibu mara nyingi ni jina. Kitambulisho kinasema Mwanaasha, daftari la kliniki linasema Asha, na dirishani wanaona watu wawili. Linganisha kabla ya kupanda gari.

Kwenye hospitali ya rufaa, ofisi ya ustawi wa jamii ni kabla ya dirisha la malipo, si baada. Hela ikishalipwa kuirudisha ni kazi ya wiki. Barua ya rufaa iwe mkononi.

Gumu zaidi ni neno "wasio na uwezo". Miaka 60 inahesabika, uwezo haupimiki. Nyumba ya bati ni uwezo? Mtoto aliye Dar ni uwezo, hata kama hatumi? Nimesikia hoja zote mbili na sina jibu linaloniridhisha.

Ndiyo maana bima inanivuta kuliko msamaha. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita katika mikoa mingi ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mzee aliyeandikishwa kwenye kaya ya mwanawe akawa na kitu ambacho mzee wa msamaha hana: kituo kikimpa dawa, kina pa kudai. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo, na ukiwa na hela ndani, mzee anafika dirishani akiwa mteja. Ukiwa mtupu, atafika na kadi mpya apate herufi zilezile mbili.

## Dawa tuliyoinunua nje

Shaka yangu iliyobaki ni hii. Kila tunapoikimbilia O/S kwa hela zetu, mzee anapona na upungufu unafichika. Kituo hakikuona mtu akilalamika, fomu haikuona matumizi. Kumwacha mzee bila dawa ili takwimu zisomeke vizuri hakuna mtu mwenye akili atakayeshauri. Lakini kununua kimya nako kuna gharama, na anayeilipa ni mzee asiye na mtoto mjini.

Basi nunua, ila usinunue kimya. Kabla ya kuondoka dirishani omba dawa iliyokosekana iandikwe kwenye rejista yao, siyo kwenye cheti chako tu. Piga picha ya cheti. Baraza la wazee la mtaa likikusanya vyeti vya mwezi mmoja na kuhesabu, metformini ngapi, haidroklorothiazidi ngapi, lina karatasi ya kuipeleka kwenye kamati ya usimamizi wa kituo, ambamo wananchi wana viti. Kamati ndiyo inayokaa juu ya makusanyo. Na Bohari ikikosa, kuna utaratibu wa Jazia, ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kufika mikoa yote mwaka 2018: kituo kinaagiza kilichokosekana kwa mshitiri mmoja wa mkoa, yaani muuzaji aliyeteuliwa, kwa bei iliyokwisha kukubaliwa. Swali la kuiuliza kamati ni jepesi: dawa hii iliisha tarehe ngapi, na oda ya Jazia iliandikwa tarehe ngapi? Kati ya tarehe hizo mbili ndimo wazee wetu wanamoishi.

Kuhusu tarehe ya stripi, binti angeweza kuikata kwa upande wa pili, babu akaondoka na ukingo wenye maandishi. Lakini hapo vitano vya drooni ndivyo vingebaki bila tarehe, na mteja wa kesho ndiye angevinunua. Dawa ya hilo ni peni. Kibahasha alichopewa babu kilikuwa na nafasi tele, mbele na nyuma.

Kiliandikwa 1x1, basi.